Diski Iliyorudi Kichwa Chini

Dumyat, 2 Machi 2008

Kwa Tharwat, mtoto wa shangazi,

Salamu nyingi. Najua utacheka ukiona barua ya karatasi, tena imeletwa na Ami Shawqi, dereva wa basi, badala ya kuingia kwenye kompyuta yako kama barua za watu wengine. Cheka, ukimaliza usome. Nina sababu.

Kwanza shida yangu. Baba amepata kazi ya hoteli moja ya Hurghada: vitanda na makabati ya vyumba sitini na vinne, yote kwa mbao ngumu za zan. Mbao zimeshashushwa karakanani, na aliyezileta anasema hazitatoka nyingine Romania kabla ya kiangazi. Tukiziharibu hizi hatuna pa kukimbilia. Jina la Baba, Haji Galal, limejengeka katika mtaa huu wa maseremala kwa miaka arobaini, na linaweza kwisha kwa asubuhi moja.

Sasa sikia ajabu: Baba amekubali tukate kwa programu yangu. Ile niliyokueleza kwenye harusi ya Nihal. Unaipa vipimo vya mbao ulizonazo na vipimo vya vipande unavyovitaka, nayo inakupangia kila ubao ukatwe wapi ili mabaki yawe machache. Kazi hiyo siku zote ilikuwa ya jicho la Baba. Alikuwa anautazama ubao, anaweka alama ya penseli, basi. Mwaka jana nilipomwonyesha programu alisema, "Hicho ni kichezeo." Mwaka huu amekubali bila hata kubishana, na sijui kwa nini.

Programu ni nzuri lakini nzito. Nikiianzisha baada ya kifungua kinywa, inanipa jibu alasiri. Na watu wa hoteli wanabadilisha vipimo kila wanapoamka. Kwa hiyo niundie kompyuta yenye prosesa ya viini vinne. Nimesoma kwamba viini vingi ndiyo mambo ya sasa.

Sababu ya karatasi ni hii. Mwezi Januari diski yangu yenye nakala ya programu ilipotea kwenye droo. Siku ya tatu nikaikuta palepale, lakini imelazwa kichwa chini, maandishi yakitazama mbao za droo. Mimi siweki hivyo. Nimeuliza karakana nzima, kila mtu ameapa. Baba akasema jini amenipangia droo. Mimi siamini majini yanayojua kompyuta. Mtu ameichukua programu yangu, na mtu huyo huenda anasoma na barua zangu za kwenye kompyuta. Usinipigie simu pia. Simu yetu iko katikati ya karakana na kila sikio liko wazi.

Nakuletea mishabik, vitamu vya kwetu Dumyat, kilo mbili. Mke wako Raja asiimalize peke yake.

Wisal


Kairo, 6 Machi 2008

Mhandisi Wisal, binti wa mjomba,

Barua ya karatasi imeniletea kesi nyumbani. Raja aliigeuzageuza bahasha, akauliza, "Nani huyu wa Dumyat anayekuandikia kwa mkono?" Nikamfungulia mishabik. Alipoonja akasema, basi, huyo aendelee kuandika.

Tuje kwenye kompyuta. Usinunue viini vinne.

Chukulia kiini ni fundi aliye ndani ya prosesa, na zile gigahezi ni wepesi wa mkono wake. Hapa dukani kwangu Bab al-Luq nina prosesa mbili za bei moja. Ya kwanza ina mafundi wanne, kila mmoja wa gigahezi mbili na nusu hivi. Ya pili ina mafundi wawili tu, lakini mikono yao inakwenda kwa gigahezi tatu na zaidi. Ungekuwa na kazi inayogawanyika, kwa mfano kutengeneza picha za filamu, ningekwambia chukua wanne. Lakini programu yako inamtumia fundi mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiiletea wanne, watatu watakaa kwenye benchi wanakunywa chai na kumtazama mwenzao. Kwa hiyo chukua wale wawili wepesi. Saa zako sita zitakuwa nne na kitu. Nimeshakuwekea kando.

Swali dogo tu. Msumeno wenu wa meza una unene gani kwenye meno? Na ubao mmoja wa kazi hii ya hoteli mnaupasua vipande vingapi kwa urefu? Niandikie mapema kabla hamjaanza kukata.

Mjomba hajambo? Mbusu mkono kwa niaba yangu.

Tharwat


Dumyat, 9 Machi 2008

Tharwat,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka kuhusu Raja. Mara ya tatu sikucheka.

Umejuaje kwamba programu yangu inatumia kiini kimoja?

Sikukwambia. Kwenye harusi ya Nihal nilikueleza inafanya nini, sikukueleza imeandikwaje, na msafara wa zaffa ulikuwa unapiga ngoma hata jina langu sikulisikia. Hakuna mtu Dumyat anayejua hilo. Anayeweza kulijua ni yule aliyeifungua na kuisoma ndani. Wewe umeandika bila wasiwasi, kama mtu anayeeleza chumba alimowahi kulala.

Halafu unaniuliza unene wa msumeno! Muuza kompyuta msumeno unamhusu nini? Nikakaa nikafikiri, ni nani katika ukoo wetu anayehusika na misumeno huko Kairo. Nikamkumbuka shemeji yako Midhat, mwenye karakana ya samani kule Manasra, ambaye kila sikukuu ananiuliza, "Ile mashine yako ya kukata kwa akili inaendeleaje?" Nilidhani ni adabu.

Nataka majibu mawili tu. Diski yangu ilifika kwako? Nani aliileta?

Wisal


Kairo, 13 Machi 2008

Wisal, dada yangu,

Umenichoma. Midhat hata kuwasha kompyuta hajui, anamwita binti yake.

Kuhusu kiini kimoja, nilikisia. Programu nyingi za watu wanaojifundisha wenyewe ziko hivyo. Ni hilo tu.

Kuhusu msumeno, naomba unijibu hata kama umekasirika. Na nakuomba jambo jingine: msianze kukata mpaka nije. Nitakuja mwanzoni mwa Aprili. Kama hamwezi kusubiri, chukueni kwanza mbao za ovyo, mkate ubao mmoja kama programu inavyosema, mpime kila kipande. Kila kipande, Wisal, hasa cha mwisho.

Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Usiniulize kwa nini.

Tharwat


Dumyat, 17 Machi 2008

Tharwat,

"Ni hilo tu", halafu chini yake "siwezi kuandika zaidi". Hata uongo umeshindwa kuupiga randa ukalainika.

Mimi nimesoma chuo Mansura miaka mitano, sikujifundisha mwenyewe, na wewe unalijua hilo kwa sababu ulinisaidia kubeba godoro langu mpaka hosteli.

Nimeelewa unachotaka. Unataka tuchelewe. Hoteli imetupa mpaka mwisho wa Aprili. Tukisubiri uje unywe chai na kupimapima, kazi itatushinda, na watatafuta karakana nyingine. Sijui itakuwa ya nani. Labda ya Manasra.

Kwa hiyo habari zako ni hizi. Nimebadilisha maneno yote ya siri. Diski zote nimezifungia kabatini na ufunguo ninao shingoni. Na nimenunua kompyuta Mansura, kwa muuzaji mwingine, ya viini vinne. Ile yako ya mafundi wawili wepesi waache wanywe chai hukohuko.

Kimoja kinanisumbua, nakwambia ili ujue kwamba nakiona. Nilimsomea Baba barua yako. Siku hizi ananitaka nimsomee kila kitu, hata gazeti, anasema miwani imemchosha. Nilipofika kwenye msumeno akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akainuka kwenda kuswali wakati adhuhuri haijaadhiniwa. Jioni akaniambia, "Msikilize Tharwat." Baba yangu, ambaye hajawahi kumsikiliza mtu kuhusu ubao tangu nizaliwe! Umemwambia nini? Umempigia simu lini?

Usije Aprili. Wala usije kabisa.

Wisal


Kairo, 20 Machi 2008

Kwa mjomba wangu mpenzi, Haji Galal,

Shikamoo mjomba. Nakuandikia wewe mwenyewe kwa sababu simu iko karakanani na Wisal anaipokea yeye.

Uliponijia Januari na ile diski umeifunga kwenye kitambaa cha mkate, ulinitaka mambo mawili: niitazame programu nikwambie ukweli, na nisimwambie Wisal kwamba ulikuja. Uliniapisha kwa roho ya mama yangu, ambaye ni dada yako, na siku ile sikuwa nimeona kosa lolote. Nilikwambia ni kazi safi. Ukafurahi, ukaenda zako.

Mjomba, nilikosea. Niliendelea kuijaribu kwa nakala niliyobaki nayo baada ya wewe kuondoka, na mwezi uliopita nikagundua kosa. Ubao ukipasuliwa kwa urefu, programu inahesabu unene wa msumeno mara moja tu. Mkitoa vipande viwili hakuna tatizo, kwa sababu msumeno unapita mara moja. Lakini mkitoa vitano, msumeno unapita mara nne, na kila ukipita unakula milimita nne. Kipande cha mwisho kitapungua milimita kumi na mbili. Zidisha hiyo kwa vyumba sitini na vinne.

Kazi ndogondogo zisingelionyesha kosa hili. Hii ya hoteli italionyesha kwenye mbao zote mara moja.

Nimejaribu kumdokeza Wisal bila kukutaja. Sasa ananiona mwizi. Nitastahimili hilo, lakini mbao haziwezi kustahimili. Nakuomba unifungue kiapo changu, au umwambie wewe mwenyewe, au uzuie kukata. Nipe jibu kwa Ami Shawqi kabla ya tarehe ishirini na tano.

Mtoto wa dada yako,
Tharwat


Dumyat, 24 Machi 2008

Tharwat,

Nakuandikia kwa sababu mbili, na hakuna hata moja ya mapenzi.

Kompyuta ya viini vinne imefika. Nimeiwasha nikaipa programu kazi ileile. Ile ya zamani ilikuwa inatumia saa sita. Hii imetumia saa sita na robo. Nilifungua dirisha linaloonyesha kazi ya kila kiini: kimoja kinahema, vitatu vimelala. Kama ulivyosema. Nimempigia muuzaji wa Mansura nikamshutumu kaniuzia mali mbovu, akaniapia kwa watoto wake. Sasa sijui nimshuku yeye kwa kuniuzia au nikushuku wewe kwa kujua.

Lakini mpango umeshatoka, na watu wa hoteli wametulia na vipimo. Tunakata Jumamosi, tarehe ishirini na tisa, saa mbili asubuhi.

Sababu ya pili: Ijumaa Ami Shawqi alimletea Baba bahasha yenye mwandiko wako. Aliitia mfukoni mwa koti mbele yangu. Baadaye nikamuuliza, "Tharwat anasemaje?" Akasema, "Salamu." Juzi nikamuuliza tena, akasema, "Nimekwambia salamu, wewe ni polisi?" Koti hilo halivui hata kwenye jua.

Mna siri gani, wewe na baba yangu? Unamtaka auze karakana? Unamtaka ampe Midhat kazi? Ni mzee, Tharwat. Muogope Mungu.

Wisal


Kairo, 26 Machi 2008

Wisal,

Mjomba hajanijibu na Jumamosi zimebaki siku tatu. Namlipa Ami Shawqi asisimame Mansura hata kunywa maji. Mama yangu anisamehe huko aliko.

Diski yako aliileta baba yako.

Alikuja mwenyewe, kwa basi, siku ile mliyodhani amekwenda Port Said kutazama gundi. Aliniambia, "Mtoto wa dada yangu, itazame hii uniambie kama ni ya kuaminika. Na ukimwambia Wisal, sikujui." Sikumuuliza kwa nini hakukuuliza wewe. Nilipaswa kumuuliza. Kwa kweli nilifurahi kwamba Haji Galal, aliyenifukuza karakanani nikiwa na miaka kumi na mbili kwa kupinda msumari, amekuja kunitaka ushauri.

Sasa soma polepole. Fungua programu, tafuta sehemu inayopasua ubao kwa urefu. Pale unapoondoa unene wa msumeno, unauondoa mara moja, nje ya mzunguko unaohesabu vipande. Unatakiwa uuondoe kila mara msumeno unapopita. Mkikata hivi Jumamosi, kila ubao wa vipande vitano utatoa kimoja kilichopungua milimita kumi na mbili, na hicho ndicho kinachoshika mlango wa kabati.

Usiniamini. Chukua ubao wa ovyo, ukate, upime.

Tharwat


Dumyat, 31 Machi 2008

Tharwat,

Nakuandikia yote kama yalivyokuwa, kwa sababu wewe umo ndani yake na una haki ya kujua ulichokifanya, kizuri na kibaya.

Barua yako ilinifikia Ijumaa, watu wanatoka msikitini. Niliisomea palepale kwenye ngazi. Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba umeona Jumamosi imefika, umetumia risasi ya mwisho. Nikaenda kwenye kompyuta, nikafungua mahali ulipopataja. Kosa lilikuwepo. Unajua nilifikiri nini? Kwamba umeliweka wewe. Kwamba diski ilikwenda nzima ikarudi na ugonjwa, na mimi Februari niliporudisha faili kutoka kwenye diski nikauingiza nyumbani kwa mkono wangu.

Nikakumbuka nina programu yote nimeichapa kwenye karatasi tangu kiangazi cha mwaka jana. Iko chini ya kitanda, kwenye boksi la viatu. Nilikaa sakafuni nikatafuta ukurasa. Mstari ulikuwepo, uleule, na pembeni nimeandika kwa kalamu nyekundu: "imekaguliwa". Mwandiko wangu.

Hata hapo sikutaka kuamini. Nikashuka karakanani peke yangu, nikachukua ubao wa ovyo, nikawasha msumeno. Baba alisikia mlio akaja akasimama mlangoni. Sikumtazama. Nilipasua vipande vitano nikavipanga. Vinne vilikuwa sawa. Cha tano nilikipima mara nne. Milimita kumi na mbili.

Nikazima msumeno. Nikamwambia, "Baba, Tharwat alikuandikia nini?"

"Salamu."

"Nionyeshe hizo salamu."

Alitoa bahasha mfukoni. Pembe zimechakaa kwa kubebwa, lakini gundi yake bado imeshika. Haikuwa imefunguliwa, Tharwat. Wiki nzima uliyokaa unangoja jibu, barua yako ilikuwa inatembea karakanani imefungwa.

"Hujaifungua?"

"Sijapata nafasi."

Nikaifungua, nikampa. "Nafasi hii hapa. Soma."

Akaishika mbali. Akaileta karibu. Akageukia dirishani. Halafu akaanza, kwa sauti ya mtu anayesoma: "Anatusalimia wote... anamsalimia mama yako, anamuuliza goti lake..." Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake. Barua yako haina neno hata moja kuhusu mama wala goti.

Nikamwambia, "Baba, hapo hapakuandikwa goti."

Kisha akakaa kwenye rundo la mbao za zan, na mimi sijawahi kumwona anakalia mbao za kazi.

"Tangu Ramadhani," akasema. "Katikati naona kidogo. Pembeni kumejaa moshi, na moshi unakuja ndani kila mwezi. Alama ya penseli siioni tena. Ile meza ya mwisho ya Bwana Ezzat niliikata kwa kupapasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungenitoa kwenye msumeno siku hiyohiyo."

"Ndiyo, ningekutoa!"

"Basi."

Nikamuuliza la diski, aliyoirudisha kichwa chini bila kuyaona maandishi. Nikamwambia, ulikuwa na programu nyumbani na aliyeiandika anakula meza moja na wewe, ukapanda basi mpaka Kairo kumuuliza muuza kompyuta! Hukuniamini?

Akasema, "Macho yangu yanaondoka, nilitaka kujua kama naweza kuiachia programu yako kazi yao. Ningekuuliza wewe ungeniambia nini? Kwamba ni mbovu?"

Mimi ndiye niliyeandika "imekaguliwa".

Nilipiga kelele hata hivyo. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Mama alishuka na goti lake bovu kuuliza nani amekufa. Jumamosi niliwaambia mafundi kosa ni langu, hatukukata. Tulikwenda Mansura kwa daktari wa macho, akasema ni presha ya macho, nuru iliyokwishapotea haitarudi, iliyobaki inaweza kushikwa kwa dawa na upasuaji mdogo. Akamuuliza kwa nini amechelewa. Baba akasema alikuwa na kazi.

Sasa wewe. Uliona kosa mwezi mzima ukaniuliza mafumbo kuhusu meno ya msumeno. Ungeandika mstari mmoja tu. Kiapo kile kilikuwa cha kuficha safari ya Baba, hakikuwa cha kuficha kosa langu. Ungeweza kuvitenganisha. Mimi nilikuita mwizi, na kwa hilo naomba radhi. Kwa mengine bado nina kinyongo.

Wisal


Kairo, 3 Aprili 2008

Wisal,

Sina utetezi. Niliogopa kwamba nikitaja kosa utauliza nimelionaje, na nikijibu hilo nimemtaja mjomba. Nikajiona mwerevu wa kupitia katikati.

Sikujua habari ya macho. Naapa, na safari hii siapi kwa roho ya mtu aliyekufa. Aliponijia dukani alimwagia chai meza yangu, nikadhani ni uchovu wa safari. Alinitaka nimsomee jina la kituo cha basi kwenye tiketi. Nikamsomea.

Raja anasema nikwambie kwamba angeona moshi kwenye macho ya baba yake kabla ya miezi sita. Nikamwambia hilo siliandiki. Nimeliandika kwa sababu nimechoka kuficha.

Kompyuta ya viini viwili bado iko hapa, haijauzwa. Nije nayo?

Tharwat


Dumyat, 24 Aprili 2008

Kwa Tharwat,

Kaa nayo kompyuta yako. Nilikuwa nimeshanunua viini vinne kwa hasira, na sikuwa tayari kumpa muuzaji wa Mansura furaha ya kumrudishia. Nilirekebisha kosa kwa dakika kumi. Halafu nikakaa siku tisa nikaiandika programu upya, ili ile kazi ya kujaribu mipango igawanywe: kila kiini kijaribu mpango wake, mwishoni programu ichukue ulio bora. Saa sita zimekuwa saa moja na nusu. Ulikuwa sahihi kuhusu programu niliyokuwa nayo, lakini usiniandikie barua ya kujisifu.

Nilikata ubao wa majaribio mara kumi na moja kabla ya kugusa zan. Nilipima kila kipande, nikampa Ustaadh Bahi, fundi wetu mkuu, naye apime bila kumwambia mimi nimepata ngapi. Sasa siamini kitu nilichokikagua peke yangu. Malori mawili yameondoka jana kwenda Hurghada.

Baba amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Haingii tena kwenye msumeno; ameweka kiti mlangoni na anasikiliza mlio, na mara mbili amepiga kelele "Meno yamekuwa butu!" kabla Bahi hajajua. Mara zote mbili ilikuwa kweli.

Anataka kukuandikia. Yanayofuata ni maneno yake, naandika anavyosema.

Tharwat, mtoto wa dada yangu. Nimekusamehe kiapo. Dada yangu alikuwa mwenye akili, angekivunja siku ya kwanza. Andika hivyo.

Andika pia kwamba nimekaa na watu wa karakana miaka arobaini, na kabla ya Wisal sijaona mtu aliyekuta kosa kwenye kazi yake mwenyewe akasimamisha kazi mbele ya watu wote, kwa mdomo wake, akasema, "Ni langu." Mimi nilipoharibu ubao wa watu nilikuwa nausukumia chini ya rundo. Nilikwenda Kairo kuuliza kama programu ni ya kuaminika. Nilipaswa kuuliza kama mwenye programu ni wa kuaminika, na jibu la hilo lilikuwa nyumbani kwangu.

Nimemwambia hilo siliandiki. Amesema, "Andika, Wisal. Simwambii kwa ajili yake yeye."

Sasa anataka nimsomee tangu mwanzo. Anasema asije akawa ametiwa mdomoni maneno ya mtu mwingine. Nimemsomea. Amenisimamisha pale penye "kwa mdomo wake" akauliza kama nimeandika kweli au nimesoma tu. Nimemwapia. Amesema nirudie, nikarudia.

Sahihi hiyo chini ni yake mwenyewe. Nilimwekea kalamu pa kuanzia nikauachia mkono wake. Herufi za mwisho zimevuka karatasi zikaandikwa mezani, kwa hiyo jina lake lote hutalipata huko. Kipande kimebaki huku kwetu.

Wisal

Haji Gal